Viti vya Mama Kasyoka

Mwalimu Musyimi alizikwa Alhamisi iliyopita, kwake Mukuyuni, na mimi nikapewa dakika mbili za kusema. Dakika mbili tu, kwa mtu aliyebadilisha maisha yangu kwa kukataa kuandika sentensi moja. Mwendesha programu alikuwa kijana mwenye saa kubwa mkononi na hakuwa na mchezo. Nikasema marehemu alikuwa mtu wa haki, watu wakaitikia, nikaonyeshwa kwa kidole nikae chini. Nilikula wali wa msiba nikiwa nimenuna. Jamaa zake wote wanajua alikuwa katibu wa ule mfuko uliotusomesha saikolojia vijana wa huku. Wasichojua ni kwamba kuna siku tisa nilimchukia mzee huyo kiasi cha kushindwa kumeza chakula, na kwamba nilikuwa nimekosea. Mimi nikinuna huwa naandika, kwa hiyo nimekaa mezani tangu Ijumaa na chai imepoa mara tatu.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata njaa, katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha sita, naishi Kabati na shangazi yangu Syokau. Kwa nini niliishi kwake na si kwingine ni hadithi ndefu na haihusiki hapa. Shangazi alikuwa na hoteli ya chai. Nikisema hoteli, msomaji wa siku hizi asifikirie vitanda. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza tatu na mabenchi, jikoni nyuma yake, na nyuma ya jikoni chumba chetu cha kulala, kitanda kimoja na masanduku mawili. Ukuta wa katikati ulikuwa wa mabati na ulipitisha kila neno. Nikiwa nimekaa kitandani nachambua mbaazi nilijua nani ameposa, nani amefukuzwa kazi, na nani anasema ana malaria kumbe amelewa. Shangazi alipika muthokoi, yale mahindi ya kutwanga yakatoka maganda, akichanganya na maharagwe, na harufu yake ikishika kitunguu watu walivuka barabara wenyewe bila kuitwa. Nimekula katika hoteli zenye vitanda tangu wakati ule, na muthokoi kama ule sijaupata.

Jumanne na Alhamisi nilikuwa Kitui mjini, katika hospitali moja, nikimtafsiria Daktari Karin. Karin alikuwa mwanasaikolojia kutoka Ulaya, mwanamke mrefu wa soksi nene hata jua likiwaka, mwenye Kiswahili cha kuombea maji na Kikamba cha salamu peke yake. Tulipewa chumba kilichokuwa stoo ya mablanketi, na kilinuka dawa ya nondo mpaka nywele zangu zikanuka nayo. Karin alikuwa na karatasi ya maswali. Unalala vizuri? Unakula? Kuna jambo linalokusumbua? Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa mama aliyeletwa na binti yake, kwa sababu tangu azike mwanawe hakutaka tena kuingia jikoni kwake. Akaulizwa analala vipi, akasema vizuri. Anakula? Anakula. Kuna shida? Hakuna shida, tumshukuru Mungu. Nilitafsiri kila neno kama lilivyo, Karin akaweka alama zake, na mama yule akarudishwa nyumbani akiwa mzima kabisa kwenye karatasi. Binti yake alinitazama mlangoni kwa jicho ambalo sijalisahau.

Nilijua tumekosea, na nilijua ni wapi. Kwetu ukiulizwa hali, jibu la kwanza ni nzuri. Hiyo ni heshima kwa anayekuuliza. Humtwishi mtu mzigo wako kabla hajaketi. Jibu la pili pia ni nzuri. Unaulizwa mbuzi, unaulizwa mvua, unaulizwa watoto, unapewa kitu cha kunywa, na ukiona mwenzako bado yupo, hajaangalia saa wala mlango, ndipo unataja kilichokuleta. Nilirudi ndani nikamweleza Karin haya yote, ingawa sikuwa nimewahi kumkosoa mtu mzima, sembuse daktari. Hakukasirika. Aliniuliza maswali kumi na akayaandika majibu. Wiki iliyofuata alileta jiko la mafuta na birika, tukamwita mama yule tena, na karatasi ya maswali ikabaki kwenye droo. Katika kikombe cha pili alianza kuzungumza, na alizungumza mpaka wenye foleni nje wakaanza kugonga. Mama yule alipoondoka, Karin akaniambia, “Mwikali, kazi hii ni yako. Mimi nimekaa mahali pako.”

Sijui nieleze vipi furaha iliyonipata. Nilikuwa sijui kwamba kusikiliza ni kazi ambayo mtu anaweza kusomea, akapewa cheti, akalipwa mshahara. Karin alinipa kitabu chake kimoja kinene, nami nikakisoma jikoni huku nikikoroga chai, kurasa zikapata madoa ya mafuta ya chapati. Wateja waliniuliza nasoma nini, nikawaeleza hata wasipotaka kuelezwa. Nikapeleka maombi katika chuo kimoja cha binafsi huko Nairobi kilichofundisha saikolojia, wakanikubali, na barua ikaja na mhuri wa bluu. Nilicheza jikoni nikiwa na upawa mkononi. Tatizo lilikuwa karo. Chuo cha binafsi hakikuwa na mkopo wa serikali, na karo yake ilikuwa kitu cha watu wengine kabisa. Lakini Karin hakuwa amelala. Aliandikia makanisa ya kwao, kanisa la hapa likaunda kamati, na ukaanzishwa mfuko wa kuwasomesha saikolojia vijana wa Ukambani, watu watakaorudi kuwahudumia wazee wetu kwa lugha yao. Mwaka wa kwanza ungemchukua mtu mmoja. Tulikuwa tumeomba watatu. Chuo kilinipa mpaka Septemba; nisipolipa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Kamati ilitaka kijana mwenye uhitaji, si mtoto wa tajiri mwenye alama nzuri, kwa hiyo katibu angepita nyumba kwa nyumba kujionea. Katibu ndiye Mwalimu Musyimi, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa Mukuyuni aliyekuwa akiishi Kitui, mwembamba, mwenye pikipiki ya kanisa na jalada la kahawia. Nilimpelekea shangazi habari jikoni.

“Anakuja Jumamosi,” nikasema.

“Saa ngapi?”

“Saa sita.”

“Saa sita ni saa ya chakula,” akasema shangazi, na kuanzia hapo mambo yakatoka mikononi mwangu.

Hoteli ilifungwa tangu Ijumaa. Meza na mabenchi tulivipeleka nyuma. Bango la CHAI CHAPATI MAHARAGWE tuliligeuza likatazama ukuta. Mama Kasyoka, mwenye duka la jirani, alitoa viti vyake vya sofa vya maua mekundu, kimoja cha watu watatu na viwili vya mtu mmoja, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wanne waliokibeba kile kikubwa kuvuka barabara. Mzee Ndambuki, fundi cherehani, alileta saa yake ya ukutani akaigongomea msumari. Mama Mbithe wa mboga akaleta thermosi mpya na vikombe vya maua vilivyokuwa bado na karatasi ndani. Shangazi alichinja majogoo wawili, akapika wali, chapati na viazi. Nilikuwa nimejaa msisimko. Nilipiga pasi vitambaa vya kufunika viti mpaka vikasimama vyenyewe. Mimi, niliyemfundisha daktari wa Ulaya kwamba watu wetu hawasemi shida yao mara ya kwanza, sikuona nilichokuwa nafanya. Mgeni anakuja kuangalia umaskini wetu na sisi tunauficha nyuma ya nyumba pamoja na mabenchi. Akili yangu yote ilikuwa kwenye jambo moja, Mwalimu akae vizuri.

Alikaa vizuri. Alifika na vumbi mpaka kwenye nyusi, akanawa, akala kwa utaratibu, akasifu mchuzi. Kisha akafungua jalada juu ya magoti.

“Hapa kukoje, Mama?”

“Kuko salama, Mwalimu. Maliza hiyo kwanza.”

Akaongeza wali. Akauliza mvua ya huku, akauliza biashara, akauliza kama watu wamepanda. Halafu akasema, “Na shida? Haikosi kuna shida.”

“Shida gani tena? Mungu ametuangalia. Ongeza nyama.”

Akazungumza kuhusu ng'ombe wake, akanywa chai, akageukia upande wangu. “Na wewe, Mwikali. Hii karo ya Nairobi, mtaweza?”

Macho ya shangazi yalikuwa juu yangu, na maua yote mekundu ya Mama Kasyoka. “Tutajaribu, Mwalimu,” nikasema. “Hatuko vibaya.”

Alikaa kidogo na kalamu ikiwa hewani. Kisha akaandika, akashukuru, akaondoka. Majirani walikuwa wamejazana dukani kwa Mama Kasyoka wakichungulia, na kabla vumbi la pikipiki halijatulia walikuwa ndani.

“Amekula?”

“Sahani mbili,” shangazi akasema. “Ya pili alijaza mwenyewe.”

“Basi hiyo imeisha,” akasema Mzee Ndambuki, akang'oa saa yake. “Huyu msichana ameenda Nairobi.”

Jumanne iliyofuata nilikuwa kwenye korido ya hospitali na trei ya vikombe. Mlango wa stoo yetu haukufungika vizuri. Nilimsikia Mwalimu Musyimi ndani akizungumza Kiingereza chake cha polepole, akimsomea Karin ripoti. Kwamba nyumba yetu ina viti vya sofa, saa ya ukutani, vyombo vizuri. Mlezi anasema hakuna shida. Mwombaji anasema hawako vibaya. Karin akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechanganyikiwa, “Kwa hiyo hana uhitaji?” Naye akajibu, “Mimi naandika nilichoonyeshwa na nilichoambiwa.” Kamati ingekaa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Niliweka trei sakafuni, nikatoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikalia kwa hasira. Mtu amekula kuku wetu wawili halafu akatumaliza. Yeye ni Mkamba, anajua mgeni anavyopokewa. Hilo ndilo lililoniuma.

Nilimwambia shangazi jioni ile, akiwa anakanda unga.

“Ameandika nini?” akauliza.

“Kwamba hatuna shida.”

“Si ndivyo tulimwambia.”

“Aunty, atanikosesha shule. Lazima wajue vile viti havikuwa vyetu.”

Aliacha kukanda. “Ulitaka nimkalishe mwalimu kwa benchi?” Aliuliza kwa upole, na kusema ukweli, nisingetaka. Kwenda mbele ya kamati na kutangaza kwamba Syokau wa Kabati aliazima hadi kikombe ilikuwa ni kumvua nguo mbele za watu, yeye aliyenilisha. Kutokwenda ilikuwa kubaki hapa nikikoroga chai maisha yangu yote. Siku zilipita hivyo. Sikula. Nilimtukana Mwalimu Musyimi kimoyomoyo kwa maneno ambayo nisingeweza kuyatafsiri hospitalini. Usiku wa kuamkia Alhamisi niliamua sitasema kitu.

Asubuhi nilimkuta shangazi amevaa nguo yake ya kanisani. Nje ya mlango walikuwa wamesimama Mama Kasyoka, Mama Mbithe na Mzee Ndambuki, wote wameoga na wamepaka mafuta. Nilipouliza tunaenda wapi, shangazi alisema, “Kwa kamati. Chukua hiyo barua yako ya chuo.” Sikujua walikuwa wamezungumza lini. Naamini walizungumza nikiwa nimefunga mlango wa chumbani na kujihurumia, siku pekee ambayo sikutega sikio kwenye mabati.

Ofisi ya kanisa kule Kitui ilikuwa na meza ndefu, kitambaa cha kijani, na mkate uliopakwa siagi ambao hakuna aliyeugusa. Mchungaji, ndiye mwenyekiti, alitutazama tukiingia mmoja baada ya mwingine mpaka viti vikaisha. Karin alikuwa upande mmoja wa meza, Mwalimu Musyimi upande mwingine na jalada lake.

“Mama,” akasema mchungaji, “umekuja na nani?”

“Na wenye vitu,” akajibu shangazi, akakaa, akaweka mkoba magotini.

Mzee Ndambuki alisimama kwanza. “Ile saa ya ukuta ni yangu. Na haiendi vizuri, ikifika saa nane inalala.” Mama Mbithe akasema thermosi ni yake na vikombe ni vyake na kimoja kilirudi na ufa, lakini hana neno. Wajumbe wawili walianza kucheka wakijificha kwa viganja, na nikaona kwamba wanacheka kama watu wanaojua kabisa habari hiyo kwao nyumbani. Kisha akasimama Mama Kasyoka, mwanamke mwenye sauti ya kuuzia sokoni.

“Hizo viti ni zangu. Na Mwalimu anajua ni zangu. Alikalia hizo hizo viti kwangu mwaka jana, siku ya harambee ya kanisa, akikula kuku.”

Kicheko kilikatika. Mwalimu Musyimi alivua miwani akaifuta kwa tai.

“Mwalimu,” akasema mchungaji, “ulijua?”

“Nilijua. Hata hiyo saa nilijua. Nimepimwa suti mara mbili nikiiangalia.”

“Sasa mbona uliandika vile?”

“Ningeandika nini?” Hakupandisha sauti. “Mtu amenikaribisha. Amechinja. Amenitafutia mahali pazuri pa kukaa. Halafu mimi niende niandike kwa karatasi, isomwe mpaka ng'ambo, ati huyu mama ameazima viti? Hiyo mdomo sina. Niliwauliza mara tatu, nikizunguka kama watu wanavyozunguka. Ilikuwa yao kusema.”

Karin aliniashiria nitafsiri. Nikatafsiri, na nilipofika kwenye mara tatu niliiona ile Jumamosi tena, mvua, biashara, ng'ombe, kalamu ikingoja hewani. Mwalimu aliniuliza kama nilivyomfundisha Karin kuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa yule mama wa stoo ya mablanketi, na kwenye karatasi nilikuwa mzima. Hasira yangu ya siku tisa ilinitoka, nikabaki na aibu tupu.

“Na hata sasa hakuna aliyesema,” Mwalimu akaendelea. Alivaa miwani, akafungua ukurasa mpya. “Hawa wamesema vitu ni vya nani. Kusema shida ni kitu kingine. Mwikali, nakuuliza mara ya nne. Kuna shida?”

Nimesimama mbele ya maprofesa wawili wenye ndevu nikitetea tasnifu, nimetoa ushahidi mahakamani, nimewaambia wazazi mambo ambayo hakuna mzazi anapaswa kuambiwa. Sijapata kazi nzito kama kufungua mdomo siku ile na shangazi akiwa kando yangu, mkoba magotini, akitazama ukuta.

“Kuna shida, Mwalimu,” nikasema. “Hatuna karo. Hatuna ng'ombe wa kuuza. Ninyi msiponisaidia, siendi.”

Alikuwa anaandika tangu neno la kwanza. Kalamu yake ilikwaruza ukurasa mzima, na chumba kizima kikangoja mpaka akaweka nukta.

Tulitolewa nje tukakaa kwenye ngazi. Walituita kabla jua halijatuhamisha kivulini, na mchungaji alianza kwa maombi marefu kiasi kwamba nilijua jibu ni ndiyo. Watu hawaombi hivyo kwa habari mbaya. Nilipata. Miaka yote mitatu, karo, malazi na vitabu. Mama Kasyoka alipiga kigelegele kilichowatoa watu ofisi za jirani, akamkumbatia Karin mpaka miguu yake mirefu ikaacha sakafu. Mzee Ndambuki alikula ule mkate, vipande vyote. Nilimshika Mwalimu Musyimi mkono nikashindwa kuuachia, naye akaniambia, “Kule utaulizwa maswali mengi kwa karatasi. Jibu sawasawa.” Nilirudi Kabati nikiwa sijui kama natembea au naimba. Nafikiri nilifanya yote mawili.

Jioni tulifungua hoteli kama kawaida. Habari zilikuwa zimetutangulia na wateja walijaa. Walikula, wakanibariki, wakaenda zao, na saa moja ilipofika tulikuwa wawili jikoni. Shangazi alikuwa hajazungumza nami vizuri tangu Kitui. Nilidhani bado ana aibu kwa niliyoyasema. Nikamwuliza, “Aunty, uko sawa?” Akasema yuko sawa. Nikamimina chai, vikombe viwili, nikavuta kigoda. Nikamwuliza wateja waliokuja, nikamwuliza kama unga utafika Jumamosi. Akajibu. Nilibaki pale pale, sikuosha chombo, sikugusa kitu.

Ndipo akapandisha gauni lake la kanisani mpaka juu ya magoti na kunionyesha. Yalikuwa yamevimba yote mawili, ngozi imevutika na kung'aa. Nililala kitanda kimoja na mwanamke huyu mwaka mzima na sikuwa nimeyaona. Aliniambia ndiyo maana huamka kabla yangu, nisimwone anavyoshuka kitandani. Aliniambia yalianza wakati wa njaa. Aliniambia ile sufuria kubwa ya muthokoi hawezi tena kuishusha motoni, na tangu nije huwa ananiita niishushe mimi akijifanya anatafuta chumvi.

Sikuwa na karatasi ya maswali. Kitabu cha Karin hakikuwa na sura ya magoti ya shangazi. Nilishika mguu wake mmoja kwa mikono miwili, ulikuwa wa moto, na nikaanza kulia, nikamwambia nitawaandikia kamati kesho, wampe mwingine, nitabaki.

Alikunywa chai yake yote kabla hajanijibu.

“Utaenda,” akasema. “Sijakwambia usiende. Nimekwambia tu magoti yananiuma.”